Mkono wa Leokadia

Severini aliitwa kwa dada yake asubuhi ya Jumatatu, miguu ingali na udongo wa shamba la karoti, na alipofika hakuna aliyemsogezea kigoda. Hapo hapo akajua kuna neno. Kwa Waluguru, mjomba akifika nyumbani kwa dada yake hata kuku wanafukuzwa apite. Yeye ndiye mwenye watoto wa dada, yeye ndiye anayeulizwa posa na yeye ndiye anayeulizwa msiba. Leo kasimamishwa uani kama mtu aliyekuja kuuza chumvi.

Dada yake, Yustina, alikuwa mlangoni na kitana mkononi. Shemeji yake, Athanas, mume wa Yustina, alikuwa kakaa juu ya kinu kilicholazwa, anachora chini kwa kijiti.

"Shikamoo kaka. Njoo uone mwenyewe," akasema Yustina. "Nikisema mie nitaonekana mzushi."

Wakaenda nyuma, kwenye kile kijumba cha udongo ambacho dirisha lake limezibwa gunia. Humo ndimo alimokuwa Leokadia, binti yao, mwezi wa nne sasa, amewekwa ndani kama mwali. Padri wa misheni alikuwa akisema kila mara mambo hayo yapunguzwe, lakini bibi wa mtoto alishikilia, na mtoto alikuwa kamaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kwenda popote, basi akaingia. Mwali wa kule jua halimwoni. Hasemi kwa sauti, wala hakatwi nywele mpaka siku ya kutoka, siku anapobebwa begani na kuchezwa, na watu wote wanatazama ngozi ilivyong'ara na nywele zilivyojaa. Kutwa anakaa anasuka ukili. Bibi anamfunda, anampaka mafuta, na kulala wanalala kitanda kimoja.

Yustina akamvua mtoto mtandio. Severini akaona.

Juu ya sikio la kulia, mahali pa ukubwa wa kiganja, hapakuwa na nywele. Kisogoni napo pamekwenda. Leokadia alikuwa kainamisha kichwa, mikono kaificha ndani ya kanga, na uso umekonda mifupa imetokeza, wakati mwali kawaida huwa ananenepa.

"Amenyolewa," Yustina akanong'ona. "Kalala nazo, kaamka hana."

Na kule milimani hakuna asiyejua maana ya mtu kuamka na kipara ambacho hakulala nacho. Kuna anayekuja mtu akiwa usingizini, anachukua nywele, anazipeleka anakozipeleka, na mwenye nywele anaanza kukauka kama mgomba uliokatwa mizizi.

"Nani analala humo na mwanangu?" Athanas aliuliza kutoka uani. Hakunyanyua kichwa. Aliuliza kama mtu anayejua jibu ila anataka litamkwe na mwingine.

Huyu Athanas alikuwa mtu wa kiwandani. Miaka kumi na minne kaamka kwa king'ora kule Kihonda, mjini, ana viatu vya ngozi, ana redio ya mkulima. Halafu ikaja hii ruksa, biashara ruksa, kila kitu ruksa, kiwanda kikauzwa, na walionunua wakaona watu ni wengi kuliko mashine. Akapanda mlimani na redio isiyo na betri, akaishi kwenye shamba la lukolo, yaani ukoo wa mke wake, maana kule ardhi inafuata tumbo la mama na mwanamume aliyeoa ni mgeni anayelima. Hakuna aliyemwambia kitu. Lakini wanaume wakikaa kwenye pombe, mmoja akiuliza, "Bwana Athanas, hivi shamba lako wewe liko upande gani?" wengine wanacheka puani. Mtu akichekwa puani mwaka mzima anatafuta mahali pa kusimama, na mahali pa kwanza atakapopapata atasimama hapo, hata kama ni juu ya mgongo wa mtu.

Bibi Koleta, mama yao Severini na Yustina, akatokea kisimani na ndoo yake kichwani.

"Mbona mmesimama kama mnangoja jeneza?"

"Mama, nywele za mtoto zimekwenda wapi?" Severini akauliza.

"Nitajuaje mie? Macho yenyewe haya, nikitaka kutunga uzi namwita yeye. Zitakuwa zimekatika. Mafuta ya siku hizi mabaya, tunauziwa na hao wa mitumba."

"Hazikukatika, mama mkwe. Zimenyolewa," akasema Athanas.

Bibi akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka. "Basi baba, anyoaye ana wembe. Ingia unipekue."

Alisema utani. Kule mkwe haingii chumba cha mama mkwe, hata mvua ya mawe inyeshe. Njiani tu akimwona anapisha kichakani. Lakini Athanas akanyanyuka, akafuta makalio, akaingia. Walimsikia akigeuza godoro la majani. Yustina akaziba mdomo kwa kitana. Severini angesema neno, mjomba mwenye nyumba, na hakusema. Alijiambia acha apekue, asipate kitu, yaishe.

Athanas akatoka na kitu kwenye kiganja. Kilikuwa kinundu cha nywele, zimeviringishwa zikakazana, ukubwa wa yai la kuku. Alikitoa kwenye ufa wa ukuta, upande anaolala bibi.

Bibi Koleta hakucheka tena. Alikisogelea karibu kabisa na macho yake mabovu, akakitazama, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa amejikunyata mlangoni. Kisha akachukua ndoo yake akaingia jikoni.

"Kanyamaza," akasema Athanas. "Mnaona? Kanyamaza."

*

Kijiji kile, Mhangala, nyumba zake zimeshikilia mteremko kama kupe, na neno likisemwa juu linafika chini kabla ya aliyelisema. Kufika Jumatano Bibi Koleta alipokwenda kisimani wanawake walimpisha, na kumpisha kule hakukuwa kwa heshima. Walifunika ndoo zao kwa mikono. Jirani aliyeazima ungo wake akaurudisha akautupa uani bila kubisha hodi. Katika sala ya jumuiya, benchi la watu watano alikaa peke yake, na katekista alipofika kwenye kupeana amani akatazama dari.

"Leo nimekaa kwa nafasi," akamwambia mwanawe. "Hata miguu nimenyoosha."

"Mama, sema kitu. Sema umekikuta tu kile kinundu, sema hukijui."

"Nikisema sikijui wataniuliza kimefikaje. Severini, yule mtoto hali. Umemwona mikono? Vijiko viwili anasema kashiba, anashika tumbo. Acha habari za nywele, mtazame tumbo."

Athanas alikwishapeleka mtu ng'ambo ya mlima, upande wa Matombo, kumwita mganga mmoja aliyekuwa anavuma. Siku hizo hata waganga walikuwa wanatembea na vibali vya karatasi kama wenye maduka. Angefika Jumamosi. Kazi yake ilikuwa kumnyoa mchawi kichwa chote, kumnywesha dawa, na kumwacha mikononi mwa wenye kijiji. Na wenye kijiji, kila mtu alikumbuka walivyofanya mwaka juzi kijiji cha pili, yule bibi kizee aliyenyolewa mchana, na siku mbili baadaye nyumba yake ikawaka yeye akiwa ndani, na hakuna hata mmoja aliyeona moshi.

Severini alilijua hilo. Alilibeba tangu Jumatatu, shambani analo na kitandani analo. Mtu wa miaka hamsini, na anatafuta jinsi ya kumficha mama yake kama anatafuta pa kuficha mbegu.

*

Alhamisi akafanya jambo lisilofanywa. Akamtoa mwali nje kabla ya siku yake.

"Unampeleka wapi?" Yustina akamshika mkono.

"Zahanati. Ana tumbo."

"Mwali haonekani, kaka!"

"Nimemfunika. Mimi ni mjomba wake au ni mpita njia?"

Akamfunika kanga tatu mpaka chini ya pua, wakateremka mwendo wa saa nzima kwa kusimama simama. Leokadia alikuwa anakaa juu ya kila jiwe.

Siku hiyo pale zahanati ya misheni ilikuwa zamu ya nesi wa akili. Alikuwa anatoka mjini mara moja kwa mwezi na sanduku la dawa za kifafa, mama wa makamo aitwaye Mwanaasha, mwenyeji wa Kihonda, mnene kidogo, anapanda ule mlima anatweta lakini anapanda. Sista wa zahanati alimtazama Leokadia tumbo, akamtazama kichwa, akasema, "Huyu aonane na Mwanaasha."

"Mwanangu si kichaa," akasema Severini.

"Hata mimi si kichaa, mzee, na ninakaa humu kila mwezi," akajibu nesi kutoka chumba cha pili. "Shikamoo. Ingieni."

Akamvua mtoto kanga moja moja bila haraka. Hakushtuka, wala hakusema "maskini". Akamgeuza kichwa dirishani kwenye mwanga, akapitisha kidole.

"Nani alisema huyu kanyolewa?"

"Wote."

"Njoo utazame. Wembe ukipita unaacha sawasawa, si ndiyo? Hapa ziko ndefu, hapa fupi, hapa zinaanza kuota, kama majani yaliyoliwa na mbuzi. Ngozi haina magamba, kwa hiyo si mashilingi, yale mapunye. Na ni kulia tu na kisogoni, pale mkono unapofika." Akamgeukia Leokadia. "Mama, nataka tuzungumze. Mjomba akae au atoke?"

Leokadia akafikiri. "Akae. Lakini asinitazame."

Basi Severini akageuza kiti, akakaa anatazama ukuta, mahali palipobandikwa picha ya mama ananyonyesha. Kila alichosikia siku ile alikisikia kwa mgongo.

"Unasuka kwa mkono upi?"

"Kulia."

"Na ukimaliza ukili, mkono unakwenda wapi?"

Mbuzi akalia nje.

"Sikuulizi nikugombeze. Nimewaona wengine. Mke wa mtu, mtu mzima, mwalimu, nimemwona. Mkono unakwenda wapi?"

"Kichwani."

"Kabla haujaenda, mwili unakuwaje?"

"Unajaa. Sijui. Kama mtu anakukaba hapa halafu hakuachii. Nikiung'oa unywele mmoja, mwili unaachia."

"Halafu?"

"Naona raha. Halafu naona aibu."

"Kuna sauti inakwambia ng'oa?"

"Hapana. Ni mimi."

"Kuna mtu anakushika mkono?"

"Hapana. Nilijifunga kamba ya mkonge siku moja mikono yote miwili, bibi akiwa kisimani. Nikaikata kwa meno."

"Ilianza humo ndani?"

"Ilianza wakati wa mtihani wa darasa la saba. Moja moja. Humo ndani mikono haina kazi, nesi. Kuna giza. Ukili nimesuka mpaka umekwisha."

Severini alisikia karatasi ikiandikwa. Alitaka kugeuka, akajizuia.

"Na ukishazing'oa unazipeleka wapi?"

Sista akachungulia mlangoni, akarudi.

"Zingine nilizificha ukutani."

"Na zingine?"

Hakujibu kwa mdomo. Nesi akasema taratibu, "Sawa, nimeona. Unazila. Lala hapo nikushike tumbo." Na baadaye, kwa sauti nyingine, "Mzee, geuka. Lete mkono."

Akaushika mkono wa Severini akaulaza chini ya mbavu za kushoto za mtoto. Severini akagusa kitu kigumu kama ndizi mbichi, na kinasogea.

"Hizo ndizo nywele zenu zilizopotea," akasema nesi. "Tumbo haliyeyushi nywele. Zimejikusanya humo zikawa bonge, chakula hakipati pa kukaa. Hii inataka hospitali ya mkoa, apigwe picha, afanyiwe upasuaji, na si mwezi ujao. Wiki hii. Likiziba kabisa anakufa. Likishatoka ndiyo mimi nianze kazi yangu, maana mkono bado utakwenda."

"Kwa hiyo ni wazimu?"

"Si wazimu. Wala si tabia mbaya. Ni mkono unaomshinda mwenyewe. Yeye anajua, hataki, na mkono unakwenda." Akaandika barua, akaikunja, akamkabidhi. "Na huyo bibi anayesemwa, mlindeni."

Njiani kurudi Leokadia alikaa juu ya jiwe, akasema kutoka ndani ya kanga, "Mjomba, usiwaambie."

"Bibi yako watamnyoa Jumamosi."

"Wakijua nakula nywele nani atanicheza? Nani atanioa? Wataniita fisi."

Severini alimtazama vile vidole vilivyokonda vimeshika kanga. Akasema, "Sitasema mpaka utakaponiruhusu." Ilikuwa ahadi ya mtu mwenye huruma, na tangu alipoitoa hakupata usingizi.

*

Jumamosi mganga alifika mapema, mtu mrefu, msafi, kanyoa ndevu, na mkoba mweusi kama wa karani. Watu walijaa uani mpaka kwenye mashina ya migomba. Bibi Koleta akaitwa, akaketishwa katikati chini, bila mkeka.

"Ana miaka mingapi huyu?" mganga akauliza.

"Niulize mwenyewe, nina mdomo," akasema bibi. "Nilizaliwa mwaka wa nzige. Wewe hata baba yako hajazaliwa."

Wengine walicheka, wakaacha. Athanas akamkabidhi mganga kile kinundu cha nywele juu ya jani la mgomba. Mganga akakigeuza kwa kijiti, akakinusa, akatikisa kichwa polepole kama anayesoma barua ya msiba.

Severini akasimama. "Jamani, mtoto ni mgonjwa. Nina barua ya hospitali hapa. Nesi kamwona."

"Ugonjwa gani, shemeji?" Athanas akauliza. "Ugonjwa wa kunyoana? Utaje jina."

Severini akaangalia kijumba cha nyuma. Akaishika barua kifuani. Watu wakaguna.

Ndipo gunia la dirisha likatikisika na mlango ukafunguka, na Leokadia akatoka. Akatoka kichwa wazi, mchana, mbele ya wanaume. Wanawake wakapiga ukelele, Yustina akakimbia na kanga, mtoto akaisukuma.

"Ni mimi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu ambaye hajasema kwa sauti miezi minne. "Bibi hajanigusa. Nang'oa mwenyewe. Nazila mwenyewe. Tazameni."

Akapeleka mkono wa kulia juu ya sikio, akashika, akavuta. Akautia unywele mdomoni mbele yao wote, akameza. Akarudia. Na mara ya tatu kila mtu aliona kwamba hakuwa anawaonyesha tena. Alikuwa hawezi kuacha.

Severini akaona hapa ndipo pa kumwokoa mama yake, akasema haraka haraka, kwa yale maneno ya nesi alivyoyakumbuka, "Mmeona? Ndiyo hayo aliyosema nesi. Yeye mwenyewe hataki. Mkono unamshinda, unakwenda wenyewe. Anajua, hataki, na mkono unakwenda."

Mganga akamtazama kwa upole kabisa, kama mwalimu aliyepata jibu kwa mtoto aliyedhaniwa mjinga.

"Asante mzee. Umesema vizuri. Mkono unakwenda na mwenyewe hataki." Akawageukia watu. "Sasa niambieni. Ng'ombe asiyetaka kwenda, akienda, anaswagwa na nani?"

Macho yote, moja moja, yakashuka kwa Bibi Koleta pale chini.

Severini akasema hapana, sivyo, nesi hakumaanisha hivyo, akasema upasuaji, akasema tumbo, akaitoa barua akaipunga hewani. Alikuwa kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Na hapo hapo Leokadia akapiga magoti akatapika, maji ya kijani, na ndani ya maji yale uzi mweusi mrefu wa nywele, ukaning'inia mdomoni, hauishi. Mtu mmoja akakimbia kabisa.

"Machela!" Severini akapiga kelele. "Leteni machela, mtoto anakufa!"

Mlima ule kushuka mpaka Mgeta, kwenye barabara ya magari ya kabichi, ni mwendo wa saa nne, na machela haibebwi na mtu mmoja. Inataka wanaume wanne mbele na nyuma, na wanne wa kupokezana. Severini aliwatazama wanaume aliokua nao, waliobatizwa naye maji mamoja. Kila mmoja alitazama kwingine.

"Sitii bega langu chini ya machela ya mtu aliyefungwa na mchawi," akasema mmoja.

"Akipasuliwa kabla hajaachiwa atafia mezani," akasema Athanas, na machozi yalikuwa yanamtoka, maana naye alikuwa baba. "Amwachie kwanza. Amwachie mwanangu, ndiyo tumbebe."

Bibi Koleta alikuwa anamtazama mjukuu wake. Kwa macho yale sijui kama aliona zaidi ya kivuli. Akajikokota kwa makalio mpaka kwa mganga, akavua kilemba chake mwenyewe.

"Ninyoe."

"Mama!" akasema Severini.

"Nyamaza wewe, hujui kusema. Ni mimi. Mnasikia wote? Mimi Koleta nilikuwa namchezea mkono. Basi nimemwachia. Nimemwachia toka sasa hivi." Akakigonga kichwa chake cheupe kwa kiganja. "Ninyoe upesi, baba, jua linakwenda. Na nyie mnaotazama, fungeni machela."

*

Waliteremka kwa mwendo wa karibu kukimbia. Wanaume wale wale ambao dakika chache kabla walikuwa mawe, sasa walikuwa wanagombea mti wa mbele. Severini alikuwa mbele kulia, Athanas mbele kushoto. Leokadia kalala kimya, mikono kafungiwa kanga kifuani kwa amri ya mganga, na safari hii alikubali.

"Anapumua vizuri zaidi," Athanas akasema. "Shemeji, si unaona? Kamwachia kweli."

Severini alikuwa anasikia wembe bado. Mama yake hakulia wakati wa kunyolewa. Alimwambia mganga asogee, anamzibia upepo.

Kwenye kona ya bonde la chini wakakutana na vijana wanne wanapanda. Walikuwa vijana wa Mhangala, waliokuwa wameshuka sokoni, habari ziliwakuta huko. Severini aliwajua mpaka majina ya bibi zao. Mmoja alikuwa kabeba galoni la mafuta ya taa, na hakuna nyumba kule inayonunua galoni zima. Watu wanapima kwa chupa ya soda.

Walipisha machela. Wakatazama chini. Hakuna aliyesema shikamoo.

"Vijana, hamjambo?" Severini akawaanza yeye, mtu mzima, jambo la aibu.

Wakapita. Alisikia viatu vyao vya matairi vinapanda, taratibu, nyuma ya mgongo wake.

Akatembea hatua ishirini hivi. Mti wa machela ulikuwa unamkata bega. Kisha akasimama, na wote wakalazimika kusimama.

"Shika hapa," akamwambia aliye nyuma yake. Akatoa barua kifuani, akamtia Athanas kwenye mfuko wa shati. "Mpe daktari, usimpe mtu mwingine. Mtafute nesi Mwanaasha. Mwambie kila kitu, na mkono pia. Usione aibu."

"Unakwenda wapi? Mjomba ndiye anayetia sahihi!"

"Baba naye ana mkono."

Leokadia akafumbua macho. "Mjomba," akasema, "nenda."

Hakukimbia. Angekimbia wangemsikia, nao wangekimbia. Alipanda kwa mwendo wa mtu anayerudi shambani, akapita njia ya mkato ya kwenye magimbi, akatokea nyuma ya nyumba.

Bibi Koleta alikuwa kakaa kizingitini, kichwa kitupu, chekundu mahali wembe ulipokwaruza, anamenya maharage kwenye ungo. Uani hapakuwa na mtu. Hata Yustina hakuwepo. Wanawake walikwishampeleka kwa jirani. Ng'ambo, juu ya ukingo wa shamba la kabichi, wale vijana wanne walikuwa wamekwishafika, wamekaa kwa mstari, galoni katikati yao. Mmoja alikuwa anakula muwa.

Severini akakaa chini kizingitini, upande wa pili. Akachukua maganda kiganjani, akaanza kumenya.

"Nani huyo?" mama yake akauliza. "Severini? Mbona umerudi? Mtoto yuko wapi?"

"Wanashuka naye."

"Nani kashika mbele?"

"Baba yake."

"Haya." Akapepeta ungo kidogo, akapuliza. "Hata wewe ungekwenda. Mie mtu mzima."

"Najua, mama."

Wakamenya. Jua lilikuwa bado liko juu, saa tisa na nusu hivi, na ng'ambo kule yule kijana alimaliza muwa akafuta mikono kwenye majani, akaegemea galoni lake. Hawakuwa na haraka.